Bado Vifungo Tu

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Kwao alikuwa wa mwisho kuzaliwa, na nyuma yake hapakuwa hata na paka wa kumtuma dukani. Jina hilo walimpachika pale ofisini kwa sababu ya mdomo wake. Ukichelewa, atakusema. Ukiacha kikombe mezani, atakusema. Ukifanya vizuri pia atakusema, kwamba siku zote ulikuwa wapi. Asubuhi ile hakuwa amemsema mtu tangu saa moja, na chumba kizima kilikuwa kimeanza kuogopa.

Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba begani, simu mkononi, na mguu wake wa kulia ukitikisika chini ya meza mpaka kalamu zikawa zinacheza kwenye kikombe chake. Macho yake yalikuwa kwa mwenzake wa meza ya pili, kijana wa makamo, mpole, mwenye tumbo la mtu anayelala vizuri. Huyo walimwita Bonyeza, maana kila kitu alikifanya kwa kubonyeza. Kuandika amri hakupenda. Kama kitu hakina kitufe, kwa Bonyeza hakijaumbwa.

"Fungua tena," alisema Shangazi.

Bonyeza alipeleka mshale juu ya picha ndogo ya ile programu, akabonyeza mara mbili, taratibu, kama anayebisha hodi kwa wakwe. Dirisha likafunguka. Duara likazunguka, likazunguka, halafu maandishi mekundu yaleyale yakajitokeza: chombo kinachoitwa kubectl hakikupatikana.

"Inakataa," alisema Bonyeza.

"Nimeona inakataa! Kwani mimi sina macho?"

Neno lilimtoka, akatamani kulirudisha. Habari ya macho ndiyo iliyokuwa imemkaa kooni tangu asubuhi.

Dada yake, mkubwa wake, ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufariki. Ni fundi cherehani. Alimsomesha huyu mdogo wake kwa sketi za shule na suti za harusi za watu, akainamia sindano miaka yote hiyo kwa jicho moja, kwa sababu la kushoto liliharibika akiwa mtoto. Sasa leo ameamka na pazia jeusi kwenye lile la kulia, likishuka kutoka juu kama mtu anayefunga duka. Jirani akamkimbiza hospitali kisha akaenda kwenye shughuli zake. Daktari akamulika, akasema ngozi ya ndani ya jicho imebanduka. Ikirudishwa leo, jicho litapona, na ikiachwa, basi. Na yeye daktari mwenyewe mchana anaondoka kwenda hospitali nyingine, harudi mpaka wiki ijayo.

Dada hakukataa kupasuliwa. Aliweka sharti moja tu.

"Kisu siogopi," aliwaambia wauguzi. "Ninachoogopa ni kuamka gizani nikaguswa na mkono nisioujua. Siingii mpaka Kitinda wangu afike."

Kitinda ndiye huyuhuyu Shangazi. Kitindamimba wa nyumba ile ana nywele za mvi mbili tatu, lakini kwa dada yake ni Kitinda mpaka kufa. Simu ilimkuta tayari yuko zamu. Akasema, "Nakuja sasa hivi, dada," akachukua mkoba, akafika mlangoni. Na hapo mlangoni ndipo kanuni ilipomshika ukosi.

Kampuni yao iliendesha mfumo wa kuita magari ya wagonjwa. Kliniki inapiga, mfumo unatafuta gari lililo karibu, dereva anapata ujumbe. Mfumo wenyewe haukai kwenye kompyuta moja. Umekatwa vipande vipande kwenye kompyuta nyingi za mbali, na juu yake kuna Kubernetes, programu iliyo kama nyapara: kipande kikifa inaamsha kingine, kazi zikizidi inaongeza mikono. Lakini hata nyapara hulala, au hupandwa na wazimu. Kwa hiyo lazima kila saa awepo mtu anayemtazama na anayeweza kumshika mkono. Kumtazama walitumia programu moja ya mezani, nzuri, yenye vipande vya kijani na vyekundu. Ila programu ile haiongei na nyapara yenyewe. Inamtuma kubectl, kachombo kadogo kasiko na sura, kama tarishi wa ofisi. Bila tarishi, ile programu ni picha ya ukutani.

Wakati fulani huko nyuma mtu mmoja alipokea zamu kwa mdomo, "Nimepokea, nenda tu," kumbe kompyuta yake haikuwa na njia ya kuingia. Nyapara akachanganyikiwa na magari yakasimama nusu siku. Tangu hapo ikawekwa kanuni: anayepokea zamu atafungua mfumo kwenye kompyuta yake, kwa mkono wake, mbele ya anayetoka, na atazima na kuwasha kipande kimoja kidogo cha majaribio. Akiweza, amepokea. Asipoweza, mwenzake hatoki. Ofisini waliita kula kiapo. Na aliyeiandika kanuni hiyo, akaipigania, akawasema watu mpaka wakaikubali, ni Shangazi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Alikwenda kwa meneja. Meneja alikuwa mtu mzuri, na siku kama hiyo mtu mzuri ni balaa.

"Nenda, nenda," alisema, akasimama kabisa. "Pole sana. Bonyeza amekula kiapo?"

"Kompyuta yake inasumbua."

"Na yule mwenzenu wa tatu?"

"Yuko kwenye ndege."

Meneja akakuna kidevu. "Kanuni ni yako, Shangazi. Wewe ukiniambia niifute leo, naifuta. Niambie tu."

Angesema neno moja angekuwa kwenye ngazi. Lakini alikumbuka ile nusu siku, na simu zilivyolia, na yule mama wa kliniki aliyekuwa akiuliza tu, "Gari liko wapi? Gari liko wapi?" Hakulisema. Akarudi kwenye meza ya Bonyeza, akivuta kiti kwa mguu.

"Toka, nikae mimi."

Simu ikalia.

"Kitinda, uko wapi?"

"Nipo njiani, dada."

Ee, hapo tusidanganyane. Nani kati yetu hajawahi kuwa njiani huku anatafuta soksi ya pili? Shangazi naye alisema kama wanavyosema wote, kwa upendo, ili dada atulie, huku vidole vya mkono mwingine vikigonga kibodi.

Alifungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, makao yake ya siku zote. Huyu mwanamke hakuwa mtu wa picha na vitufe. Aliishi ndani ya weusi ule kama samaki majini. Akaandika kubectl, akagonga. Kikaitika papo hapo, kikamwaga maelezo yake ukurasa mzima.

"Si hiki hapa!" alimgeukia Bonyeza. "Kipo! Kinaongea! Hakikupatikana, hakikupatikana, kimekwenda wapi?"

"Mimi sijui. Mimi nabonyeza tu."

Shangazi akakifuta, akakiweka upya. Bonyeza akafungua programu: nyekundu. Shangazi akaingia kwenye faili la maandalizi, lile ambalo dirisha jeusi hulisoma kila linapoamka ili lijue folda zipi za kutafutia vyombo, akaongeza folda ya tarishi. Kumbe ilikuwemo, sasa ikawemo mara mbili. Nyekundu. Akaiongeza mara ya tatu, kwa hasira tu. Nyekundu. Akazima kompyuta nzima akaiwasha, na hizo dakika mbili tatu za kungoja iamke zilikuwa kama kusimama juu ya kaa. Alikwenda kwenye mtungi wa maji, akajaza glasi, akairudisha bila kunywa. Alichungulia dirishani, akaona magari yanavyojipanga barabarani, akaacha kuchungulia.

Nyekundu.

"Jumatatu nilikwambia," alisema Bonyeza kwa sauti ndogo.

"Ulisema nini?"

"Kwamba hii kompyuta mpya niliyopewa inakataa."

"Na mimi nikakujibuje?"

"Ulisema kwako inafanya kazi."

Kweli alisema. Kompyuta ile mpya aliiandaa yeye mwenyewe, akaijaribu yeye mwenyewe, akaona kijani, akampa Bonyeza na kumwambia akipata shida ajiulize kwanza amegusa nini. Sasa alijifanya anasoma skrini.

Simu tena.

"Kitinda, mbona kimya? Umefika wapi?"

"Niko njiani, dada, foleni tu."

"Foleni," alirudia dada. Akakata.

Shangazi akaiweka simu mezani. Akafunga kila kitu, akarudi kwenye dirisha jeusi, na bila kufikiri, kwa mazoea ya vidole, akaandika jina la ile programu ya mezani na kugonga. Programu ikafunguka. Duara likazunguka mara moja. Halafu kijani, kijani, kijani, vipande vyote vimejipanga kama watoto wa paredi.

"Haya!" Aliruka, kiti kikaenda kugonga kabati. "Imekubali! Nimeipata! Bonyeza, kula kiapo, mimi naondoka!"

Alikuwa ameshafika mlangoni. Bonyeza akakaa, akajinyoosha, akaifunga programu ili aanze mwanzo kama kanuni inavyotaka, akaweka mshale kwenye picha, akabonyeza mara mbili.

Nyekundu.

"Umefanya nini?" Sauti ya Shangazi ilipasuka. "Umeigusa nini? Nimekuachia kijani! Sasa hivi! Mtu hawezi kugeuka?"

"Nimefungua tu."

"Umefunguaje?"

"Nimefungua kama watu wanavyofungua!" Kwa mara ya kwanza Bonyeza naye alipandisha. "Nimebonyeza picha yake! Kwani wewe huwa unafunguaje?"

Shangazi aliuachia mlango. Alirudi pole pole, akaegemeza mikono mezani.

"Mimi," alisema, "sijawahi kubonyeza hiyo picha."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja. Tangu niajiriwe."

Nyani haoni kundule. Basi ikamjia yote kwa mkupuo, na iliuma kwa jinsi ilivyokuwa rahisi. Programu ukiifungua kutoka dirisha jeusi, inarithi yote ambayo dirisha jeusi linayajua, pamoja na folda zote za siri za kutafutia vyombo. Ukiibonyeza kwenye picha, inaamka haina habari ya lile faili la maandalizi. Inajua folda chache za kawaida ambazo kompyuta humpa kila mtu. Ni kama mgeni jikoni. Mtoto wa nyumbani anajua chumvi iko nyuma ya debe la unga, mgeni anafungua kabati mbili zilizo mbele yake na kusema humu ndani hamna chumvi. Chumvi ipo. Hakuna aliyemwambia iko wapi. Na Shangazi, siku zote hizi, alikuwa akiwajaribia watu kompyuta zao kama mtoto wa nyumbani, kisha anawakemea wageni.

"Sasa si mimi niifungue kwa hilo dirisha jeusi?" aliuliza Bonyeza, akimhurumia. "Niandikie amri kwenye karatasi, nenda."

Shangazi akaanza kuitika kwa kichwa. Kisha akasita.

"Kengele ya hatari ikilia kwenye skrini, unafanyaje?"

"Nabonyeza kengele."

"Na kengele inakufungulia nini?"

Bonyeza akashusha pumzi. "Programu. Yenyewe. Kama nimebonyeza picha."

Ndiyo hivyo. Kengele ya hatari ikilia, programu ingeamka kigeni, tarishi hayupo, na magari yangesimama. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Shangazi akaketi tena.

"Basi tuiambie jina kamili la mahali," alisema. "Si 'kubectl' tu. Toka mzizi. Folda ya kwanza, iliyo ndani yake, iliyo ndani ya hiyo, mpaka kwenye kitu chenyewe. Isitafute. Iende moja kwa moja."

Akamfungulia Bonyeza mipangilio ya programu, akamwonyesha kisanduku cha kuandikia mahali pa chombo. Ndipo simu ilipolia, na safari hii sauti haikuwa ya dada.

"Wewe ndiye ndugu wa mgonjwa wa jicho?" Muuguzi alikuwa na sauti ya mtu aliyesimama. "Daktari ameshanawa. Mgonjwa wako hataki kupanda kitandani. Kama hujafika getini, niambie, nimpishe mwingine, maana daktari hatamsubiri."

"Nipe dada niongee naye."

Kukawa na mchakacho wa kitambaa.

"Kitinda. Uko wapi?"

Neno lilikuwa tayari ulimini, limelainika kwa kuzoeleka. Shangazi alifumbua mdomo. Mbele yake Bonyeza alikuwa anaandika, kwa kidole kimoja, folda baada ya folda, akitamka kila moja ili asikosee.

"Dada," alisema Shangazi, "sijatoka ofisini."

Shangazi alihamishia simu sikio la pili.

"Niko ghorofa ya pili. Nimekaa kwenye kiti cha mwenzangu, sio changu, mkoba uko begani tangu ulivyopiga. Hakuna foleni. Sijafika barabarani hata kidogo. Nina kazi hapa lazima mwenzangu aipokee, na ikipokelewa sasa hivi bado sitawahi kabla hujaingia. Nimekudanganya asubuhi nzima. Nisamehe, dada yangu."

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Bonyeza alikuwa ameacha kuandika. Shangazi akamwashiria kwa mkono: endelea, endelea.

"Najua," alisema dada.

"Unajua?"

"Kila nikipiga nasikia vitufe. Ta-ta-ta-ta-ta. Gari gani linalia hivyo?" Akavuta pumzi iliyotetemeka. "Mimi ni fundi cherehani, Kitinda. Watu nimewaambia nguo yako imekwisha, bado vifungo tu, na kitambaa hakijaguswa mkasi. Unadhani uongo wa kazi siujui? Nilikuwa nangoja uuache. Mtu ukiniambia njiani njiani, mimi sijui nikushike wapi. Haya. Nikiamka utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Nitakuwepo, nitakuwepo! Wapi?"

Shangazi alifumba macho ili akione kitanda asichowahi kukiona.

"Upande wako wa kulia. Mkono wangu utakuwa juu ya shuka, usawa wa kiwiko chako. Ukisogeza mkono kidogo tu, utanigusa."

"Kulia."

"Kulia, dada."

"Kwenye kiwiko." Akawa kama anajifunza. Halafu akasema kwa mtu mwingine, kwa ukali wake wa dukani, "Haya, mama, nipandisheni. Mnangoja nini?" Simu ikakatika.

Sasa Shangazi alikuwa na deni baya kuliko lile la kwanza. Njiani ni popote. Kulia, kwenye kiwiko, ni mahali pamoja tu, na ama uko hapo ama hauko.

"Nimemaliza," alisema Bonyeza. "Nibonyeze?"

"Bonyeza!"

Duara. Likazunguka. Nyekundu.

Shangazi alitoa sauti ambayo haina tahajia. Kisha akasoma, akainama, akasoma tena.

"Si lilelile," alisema.

"Ni jekundu."

"Jekundu ndiyo, lakini sio lilelile! Kosa jipya!" Alikuwa karibu kucheka, na watu wa kazi hii watamwelewa, kwao kosa jipya ni kama mgonjwa aliyeomba uji. "Tarishi amepatikana. Amefika mpaka getini. Anachokosa ni kibali."

Maana tarishi naye haingii kwa nyapara hivihivi. Kuna kachombo kengine kanakomtolea kibali cha kuingia, na hako ndiko programu ilikokuwa inakalilia sasa. Shangazi akaanza kuhangaika tena, afute, aweke upya, vidole vikimwasha. Bonyeza akaigusa skrini kwa kidole, kwa upole.

"Si ugonjwa uleule? Hako nako kametajwa jina tu. Hakajasemwa kako wapi."

Shangazi alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza wanafahamiana.

"Kametajwa kwenye faili la kuingilia," alisema. "Nililiandika mimi. Nikaligawa kwa wote."

"Basi tuandike humo kako wapi."

"Andika wewe. Kwa mkono wako."

Jamani, mateso! Bonyeza aliandika kama mzee anayepanda maharage, shimo moja moja. Herufi, anaangalia. Herufi, anaangalia. Kufika katikati akakosea, akafuta neno zima badala ya herufi moja, akaanza upya. Shangazi alikunja mikono kwapani ili isimnyang'anye mtu kibodi. Mguu ulitikisika. Meneja alikuwa amekuja kusimama nyuma yao bila kusema, na bila kujua naye akawa anatikisa wake.

"Toka mzizi," alisema Bonyeza akimaliza. Akahifadhi. Akaifunga programu. Akaweka mshale juu ya picha, akabonyeza mara mbili.

Duara lilizunguka kwa muda mrefu kuliko siku zote, au ndivyo walivyoona. Halafu kijani, kijani, kijani.

Hakuna aliyeshangilia, wote walikuwa wameshachomwa mara moja. Shangazi alikwenda mezani kwake akapiga kengele ya majaribio. Kwenye kompyuta ya Bonyeza kikatokea kibango cha hatari. Akakibonyeza, programu ikaamka yenyewe, kijani. Akachagua kile kipande kidogo cha majaribio, akakizima. Kikawa chekundu, kikawa cha manjano, kikarudi kijani.

"Nimepokea zamu," alisema Bonyeza, amenyooka kama yuko mahakamani.

Shangazi alikuwa ameshatoka. Akarudi, akaingiza kichwa tu mlangoni.

"Bonyeza. Jumatatu ulisema kweli na mimi sikukusikiliza."

"Hayo utaniambia kesho! Nenda, we mwanamke!"

Alishuka ngazi mbili mbili. Gari la kukodi lilipatikana upesi, likakwama upesi vilevile; mungu wa foleni alikuwa amesikia akisingiziwa. Akamlipa dereva katikati ya barabara, akashuka, akavua viatu, akatembea kwa mwendo ule ambao si kukimbia lakini watu wanakupisha. Kijasho kilimtoka mgongoni. Njia nzima midomo yake ilikuwa ikisema kulia, kwenye kiwiko, kulia, kwenye kiwiko, na mtu mmoja aliyempishana naye alifikiri anasali. Pengine alikuwa anasali.

Taa ya juu ya mlango wa upasuaji ilikuwa inazimika alipofika. Mlango ukafunguka, kitanda kikatoka kinasukumwa, na juu yake dada yake amelala kifudifudi, uso chini, kichwa kimefungwa bandeji, amelala fofofo kwa dawa.

"Ndiyo anavyotakiwa kulala, usishtuke," alisema muuguzi, naye ndiye yule wa simu. "Daktari ameweka hewa ndani ya jicho. Uso ukiwa chini, hewa inapanda juu inaikandamiza ile ngozi mahali pake. Asigeuke."

Daktari alitoka nyuma yake akivua glavu. "Limeshika," alisema. "Bandeji ikitoka tutajua ataona kiasi gani. Lakini limeshika, na ataona." Akaondoka kwa haraka, mkoba wake ulikuwa unamngoja kwenye kiti.

Shangazi alitaka kukaa chini palepale sakafuni. Hakupata nafasi, kitanda kilikuwa kinakwenda. Alikifuata mpaka chumba cha kuamkia, chumba chembamba chenye vitanda vinne. Wakakisukuma kile cha dada mahali palipobaki, wakakiegesha ukutani. Wakafunga magurudumu.

Upande wa ukutani ulikuwa wa kulia.

"Kiti chako hiki," alisema muuguzi, akiweka kiti upande wa kushoto.

"Hapana. Mimi nakaa kule."

"Kule ni ukuta, mama."

"Nilimwambia kulia."

"Atakuelewa. Akiamka utamwambia."

"Akiamka hataona kitu," alisema Shangazi, na mdomo wake wa siku zote ukamrudia wote. "Amelazwa uso chini, jicho limefungwa, na lingine halijawahi kumfaa. Nimemwambia kulia, kwenye kiwiko. Akipeleka mkono pale akagusa ukuta, mimi nimemdanganya tena. Nisogezee kitanda."

"Hakisogezwi, nimeshafunga, na kule kuna mashine ya mwenzake."

Shangazi hakubishana zaidi. Alivua mkoba kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akaukabidhi kwa muuguzi ambaye aliupokea kwa mshangao tu, akavuta tumbo ndani, akajipenyeza kati ya ukuta na kitanda, ubavu ubavu, kama mtu anayetafuta shilingi iliyodondoka nyuma ya kabati. Pua yake ilikuwa ukutani. Akageuza kichwa. Akapitisha mkono wa kushoto chini chini mpaka ukatokea juu ya shuka, akaupima kwa macho, akausogeza kidogo. Kwenye kiwiko. Mguu ulitaka kutikisika, hapakuwa na nafasi. Kwa hiyo ukatulia.

Muuguzi alisimama na mkoba wa watu, akatikisa kichwa, akaenda kuhudumia wengine.

Dada hakuita jina la mtu alipoamka. Pumzi yake ilibadilika kwanza, ikawa fupi, ya mtu aliyekumbuka yuko wapi. Halafu mkono wake wa kulia ukaondoka pale ulipolala. Haukupapasa. Ulikwenda moja kwa moja, kama unavyokwenda kwenye mkasi mezani kwake, ukatua juu ya mkono wa Shangazi, ukaukamata, vidole vikapanda mpaka kwenye kifundo na kurudi kuhakikisha.

"Umefika," alisema dada, sauti imezibwa na mto.

"Nimefika."

"Kweli? Au bado vifungo?"

"Vifungo nimeshona vyote, dada."

Vidole vikambana. Wakakaa hivyo kwa muda, mmoja uso chini, mwingine pua ukutani, wote wawili wakilia kimyakimya na hakuna anayemwona mwenzake.

"Umechoka wewe, nakusikia pumzi," alisema dada. "Kaa basi, Kitinda. Si kuna kiti?"

"Siwezi kukaa, dada. Huku hakiingii hata kijiko."

Dada akaanza kucheka ndani ya mto, mabega yanaruka, na Shangazi naye akashindwa kujizuia, kitanda kikawa kinagonga ukuta. Muuguzi akaja mbio na ule mkoba bado mkononi, akawafokea wote wawili wasicheke, kichwa cha mgonjwa kisije kikatikisika.